Povu Darini: Insha Kuhusu Joto, Mabati na Wenye Nyumba wa Ifakara

Nyumba ya makazi katika mji wa Ifakara hupigana na maadui wawili kwa wakati mmoja, yaani joto linaloshuka kutoka kwenye bati na unyevu unaopanda kutoka kwenye ardhi ya mbuga, na mwenye nyumba aliyelala katikati ndiye uwanja wa mapambano. Mji huo uko takriban kilomita 300 kutoka Bahari ya Hindi, lakini kwa kuwa umekaa chini ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, milima ya Udzungwa ikiwa upande mmoja na vilima vya Mahenge ng'ambo ya Mto Kilombero, hewa yake ina jasho la pwani bila kuwa na upepo wa pwani, jambo ambalo mgeni atokaye Tanga au Bagamoyo hulitambua usiku wa kwanza na kuanza kuulizia basi la asubuhi.

Mtuhumiwa mkuu ni bati. Paa la nyasi, ambalo lina sifa mbaya mbele ya moto, mchwa na wakwe, lilikuwa na fadhila moja isiyokanushika, nayo ni kwamba mabua yake hushika hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Bati halina unene wa kushika chochote, bali hupokea jua la saa sita na kulishusha ndani kwa njia ya mnururisho, yaani joto linalosafiri kutoka kitu cha moto hadi kitu kilichopoa bila vitu hivyo kugusana, na kitu kilichopoa kinacholengwa hapa kwa kawaida ni upara wa baba mwenye nyumba. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya jua angani, ilhali bati lililoshika kutu hulinywa, na kwa sababu hiyo nyumba huzidi kuwaka kadiri mwenye nyumba anavyozidi kuzeeka na kupungukiwa na nguvu za kulipia paa jingine.

Alfajiri mambo hugeuka. Bati, likiwa limetupa joto lake lote angani usiku kucha, hupoa kuliko hewa ya chumbani, kisha mvuke wa pumzi za watu saba waliolala hukutana nalo na kuwa matone, jambo ambalo wanafizikia huliita mtonesho na ambalo mama mwenye nyumba huliita uzembe wa fundi. Ndiyo maana bati jipya kabisa, lisilo na tundu hata moja, linaweza kuvuja mwezi wa Julai ambapo mvua haijulikani ilipo, na fundi aliyeezeka akaitwa saa kumi na mbili asubuhi kujitetea kwa kosa ambalo si lake.

Katika hali hiyo ndipo linapoingia povu la kunyunyizia, ambalo ni tawi la ukoo wa poliyurethani, kemikali iliyogunduliwa na Otto Bayer na wenzake mjini Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, kwa kuchanganya vimiminika viwili, isosayaneti na polioli, ambavyo vikikutana huchemka, huvimba na kuganda vikiwa vimebeba maelfu ya vipovu vya gesi. Godoro la sponji limetoka katika ukoo huohuo, kwa hiyo mkazi wa Viwanja Sitini au Lipangalala amekuwa akiishi nao kwa miaka mingi, isipokuwa kwamba zamani ulikaa chini ya mgongo wake na sasa unataka kuhamia juu ya kichwa. Povu la ujenzi lina aina mbili: lenye vipovu vilivyo wazi, ambalo ni laini na hupitisha mvuke, na lenye vipovu vilivyofungwa, ambalo ni gumu na huzuia mvuke kulifikia bati, na kwa nchi ya unyevu hilo la pili ndilo lenye hoja, kwa kuwa likishika vizuri chini ya bati hukomesha joto la mchana na matone ya alfajiri kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo, kazi kamili ya kunyunyizia inahitaji mtambo unaopasha vimiminika moto, mipira mirefu, umeme usiokatika na fundi aliyevaa barakoa ya kemikali, kwa sababu mvuke wa isosayaneti huwasha mapafu na unaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Kinachofika kirahisi kwenye duka la vifaa vya ujenzi ni kopo lenye mrija, ambalo mwenye nyumba huliona, hulitikisa, hulipenda, na kuondoka nalo bila kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwake.

Laiti angeyasoma, angejua kwamba povu la kopo huganda kwa kutumia unyevu wa hewani, na unyevu ndiyo bidhaa pekee ambayo Ifakara haijawahi kuagiza kutoka nje. Angejua pia kwamba kopo moja la mililita 750 linaweza kutoa zaidi ya lita 30 za povu, na kwamba povu hilo huendelea kuvimba baada ya mnunuzi kuridhika. Hilo la mwisho ndilo lenye madhara makubwa kwa jamii. Mwenye nyumba wa kawaida, akiona mwanya kati ya fremu ya mlango na ukuta wa tofali za kuchoma, huujaza mpaka pomoni, kwa kuwa amelelewa katika utamaduni unaoamini kwamba kupunja ni uchoyo, kisha hufunga mlango na kwenda kulala akiwa na amani. Usiku povu hufanya kazi yake, huisukuma fremu kutoka pande zote mbili mpaka inabonyea kuelekea ndani, na asubuhi mlango hauendi mbele wala haurudi nyuma. Fundi akiitwa husimama nje, hugonga gonga, kisha mazungumzo hupitia dirishani: "Fundi, kitu hiki kitaacha kukua lini?" "Mama, naona bado kinapumua." Siku hiyo watoto huenda shule kwa kupitia dirishani, na mama mkwe aliyevuka daraja la Kilombero kutoka Mahenge akiwa na jogoo na kikapu cha mchele hupokewa kwa njia hiyohiyo, akitanguliwa na jogoo.

Mikono nayo ina historia yake. Povu bichi haliondoki kwa maji wala kwa sabuni, huondoka kwa asetoni, yaani kile kimiminika cha kufutia rangi ya kucha, ambacho katika nyumba nyingi humilikiwa na binti wa mwisho na hakitolewi bila mashauriano. Likishaganda, hata asetoni hunyoosha mikono, na aliyeligusa hana budi kusubiri ngozi ijibadilishe yenyewe, akiwa anasalimia watu msibani kwa viganja vyenye madoa ambayo kila mmoja huyatafsiri kwa kadiri ya imani yake. Povu lililochomoza nje ya ukuta likipigwa na jua hugeuka njano, kisha kahawia, kisha unga, na kuku huudonoa unga huo kwa muda mfupi kabla ya kutambua kwamba wamedanganywa. Hapa dhihaka haina budi kupisha tahadhari moja: poliyurethani hushika moto kwa kasi na moshi wake una sumu, hivyo kuiacha wazi bila kuifunika kwa jipsam au plasta, hasa karibu na jiko la mkaa, si jambo la kuchekea.

Lakini mgogoro mzito kuliko yote uko kwenye mwanya ulio kati ya kichwa cha ukuta na paa. Mwanya huo huachwa makusudi ili hewa ya moto itoke, na ndio huohuo mbu wa malaria, hasa wale wa kundi la Anopheles gambiae, huutumia kuingia ndani, wakifuata hewa ya ukaa na harufu ya binadamu zinazovuja kutoka kwa waliolala. Ifakara inaujua mwanya huu kuliko mji wowote wa ukubwa wake, kwa sababu kituo cha utafiti kilichoanzishwa hapo na Mswisi Rudolf Geigy katika miaka ya 1950, ambacho leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara, kimewapa wanasayansi nafasi ya kuwafuatilia mbu wa bonde la Kilombero kwa uvumilivu ambao mbu wenyewe hawakuuomba. Watafiti wake wamejenga nyumba za majaribio zenye mitego, na wamewahi kutundika chini ya mapaa mikanda ya katani iliyolowekwa dawa ya transfluthrin, ili mbu wafukuzwe mlangoni bila hewa kuzuiwa kupita.

Sasa mwenye nyumba aliyeuziba mwanya huo kwa povu huwa amefanya jambo jema nusu. Mbu hupungua chumbani, naam, lakini joto la miili, mvuke wa pumzi na harufu ya samaki wa jioni, kambale wa mtoni akiwa maarufu zaidi, hukosa pa kutokea. Kufika saa tatu usiku familia hushindwa, hutoka na mikeka na kuhamia uani, na mbu, ambao hapo awali walilazimika kutafuta upenyo mmoja mmoja, huikuta kaya nzima imetandazwa chini ya mbalamwezi kama sahani za sherehe. Aliyebaki ndani hutupa chandarua kando kwa sababu ya joto, na hivyo tundu lililozibwa ukutani hufunguliwa upya kitandani.

Wapangaji wa darini wana maoni yao. Popo, ambao huingia kwa mwanya huohuo, huweza kuzibiwa ndani wakati kazi inafanywa mchana wakiwa usingizini, na siku za baadaye hutangaza uwepo wao kwa njia ambayo hakuna udi unaoweza kuifunika. Panya hulitoboa povu bila shida. Mchwa hawali povu, ila hupita ndani yake kwa siri mpaka kwenye kenchi, ambazo ni mbao zinazobeba paa, na mwenye nyumba haoni njia zao kwa kuwa amezifunika kwa gharama yake mwenyewe.

Wapo wanaosema kwamba jibu ni pangaboi, yaani feni la dari, na hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama umeme usingekatika. Ni kejeli ya kijiografia kwamba bonde lililozungukwa na mabwawa ya Kidatu na Kihansi, na ambalo mto wake hukutana na Luwegu na kuwa Rufiji iendayo kwenye bwawa la Julius Nyerere, lina wakazi wanaojipepea kwa madaftari. Kihansi, kwa taarifa ya msomaji, ndiko ulikofanyika unyunyiziaji wa kitaalamu zaidi katika ukanda huu: maji ya maporomoko yalipoelekezwa kwenye mitambo, chura mdogo aliyegunduliwa hapo mwaka 1996, ambaye huishi kwa rasharasha za maporomoko, aliwekewa mfumo wa mabomba ya kumnyunyizia. Hakuna mpangaji wa Kibaoni aliyewahi kuhudumiwa hivyo, ingawa chura naye hakunusurika porini, akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka katika makao yake ya asili, na vizazi vyake vilivyotunzwa Marekani vikarejeshwa nchini baadaye.

Dawa iliyo karibu zaidi ipo kwenye vichuguu vya pumba nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Pumba hushika hewa iliyotulia, huwa na silika nyingi inayoifanya iungue polepole na ioze kwa shida, na bondeni hutumika hata kuchomea matofali. Ikijazwa kwenye viroba na kupangwa juu ya dari, hupunguza joto la bati kwa gharama ya viroba na mkokoteni. Sharti la viroba ni la lazima, kwa maana wapo wanaoimwaga pumba tupu juu ya jipsam, bati likavuja wakati wa masika, pumba ikalowa na kuwa nzito, na dari lote likashuka Jumapili mchana juu ya sinia la pilau, likiurudisha mpunga kwenye pumba zake.

Wasanifu nao wamejaribu njia nyingine. Katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, zilijengwa nyumba sita za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia mbu, baadhi yake zikiwa za ghorofa, na vipimo vilionyesha kwamba zilikuwa na mbu wachache na baridi zaidi kuliko nyumba za kawaida za jirani. Wakulima wa Kilombero hawakushangazwa na habari hiyo, maana dungu lao la kulindia mpunga dhidi ya kwelea kwelea limeinuliwa juu ya nguzo tangu enzi za mababu, na aliyelinda humo mchana kutwa hurudi mjini akilalamikia joto la nyumba yake ya kisasa.

Kwa hiyo povu lenye vipovu vilivyofungwa linastahili kukaa chini ya bati, likiwa limefunikwa dhidi ya moto, na halistahili kabisa kukaa kwenye mwanya wa hewa, ambao unahitaji wavu. Mwenye fedha za kutosha kitu kimoja tu anunue wavu kwanza, kisha dari, kisha viroba vya pumba, na povu lisubiri mavuno mengine. Na asiyeweza kusubiri avae glovu, aijaze fremu ya mlango nusu tu baada ya kuikaza kwa mbao ili isibonyee, na awaombe wakwe wake waje keshokutwa.