Kusi Haimjui Mkwe

Mtu wa Makete akimsikia Mzanzibari analalamikia baridi mwezi wa Julai, hucheka mpaka akakaa chini. Kwetu mwezi huo jalidi hulala juu ya majani ya viazi. Jambiani, nilikooa, alfajiri ikishuka hadi nyuzi 22 watu wanasaka makoti, na shemeji zangu hujifunika blanketi mpaka puani. Nikawacheka, wala hawakunijibu. Watu wa pwani hawabishani na mtu wa bara kuhusu kipupwe. Humwacha apande chombo.

Kipupwe ni ile miezi ya Juni hadi Agosti, kusi inapokaza. Upepo huo hutoka kusini-mashariki, na Jambiani, iliyo pwani ya mashariki ya Unguja, inautazama uso kwa uso. Nje ya mwamba mawimbi huvunjika kwa kishindo kinachokufikia kitandani. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, na wavuvi wengi wenye akili huwa wameshakwenda kupiga dago upande wa pili, kwenye maji yaliyokingwa na kisiwa. Wanaobaki huvua ndani ya mwamba, kwa madema na mishipi. Baba mkwe wangu ni miongoni mwa wanaobaki. Akanialika, na mwaliko wa mkwe haukataliwi.

Ubaya wa ngalawa ni kwamba haina mahali pa kuweka heshima. Kwa malezi yangu, mkwe hukai naye bega kwa bega, na ukitaka kukohoa unageuka. Sasa ngalawa ni gogo la mwembe lililochongwa, na upana wake hauwatoshi watu wawili wenye adabu. Goti langu lilikaa ubavuni mwa mzee asubuhi nzima. Wimbi la kwanza la maana lilipotupiga, nikamkumbatia.

"Nisamehe, baba."

"Kaa hapohapo, mkwe wangu. Unanikinga upepo."

Baridi ya pwani, ukiwa umelowa na kusi inakupitia, haina udugu na ile ya kusomwa kwenye kipimajoto. Bahari yenyewe msimu huo ina kama nyuzi 25, kwa hiyo viungo pekee vilivyoona joto ni miguu yangu, iliyokuwa ndani ya maji yaliyoingia chomboni. Mzee akanipa kopo niyachote. Nikayachota taratibu sana.

Kisha kikaja kigegezi. Mvuvi akitaka kutapika, kwanza hutazama upepo unakotoka. Mimi nilitazama adabu: nikampa mzee kisogo, kumbe kisogo hicho kilinielekeza kusini-mashariki. Kusi haipokei kitu. Kilichotoka kilirudi, na kilichonikosa kilimfikia mkwe. Akanawa kwa maji ya bahari bila haraka, akasema chambo kimetawanyika vizuri, samaki watakuja.

Nikaomba turudi. Akanionyesha ufukwe. Yalikuwa maji ya bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita nne. Yakipwa, mbele ya Jambiani hubaki tambarare ya mchanga na mashamba ya mwani, na chombo hakina pa kuelea mpaka yajae tena. Kigegezi changu kilikuwa na ratiba, na aliyeipanga ni mwezi.

Ndipo mshipi wangu uliposhtuka. Nikavuta, ukavuta. Nyuma yangu nikamsikia mzee akiguna, "Mkubwa huyu!" Nikamhurumia kwa kukosa nafasi ya kumsaidia, maana wangu pia alikuwa mkubwa. Tukavutana na bahari, kila mmoja akimwomba Mungu wake mshipi usikatike, mpaka ndoana zikatokeza juu ya maji zimekumbatiana. Mkondo, ambao kusi huuongezea nguvu kuelekea kaskazini, ulikuwa umelibeba chubwi langu jepesi na kuupitisha mshipi wangu chini ya chombo mpaka kwenye wake. Mzee alizitazama ndoana, akanitazama mimi, akasema binti yake alishanivua zamani, yeye hana haja.

Tulipata samaki, lakini. Nilimpandisha mwenyewe: akavimba mkononi mwangu, akaniguguna. Bunju. Sumu yake inaua, na paka wa Jambiani hawamkaribii. Mzee alimrudisha majini, kisha akanipongeza, kwa sababu mkwe lazima apongezwe.

Maji yalipojaa tukarudi, na jioni tukala changu wa nazi. Mama mkwe alimnunua kwa jirani mwenye madema, kwa bei ya kusi, ambayo si ndogo. Dema halilewi bahari wala halina mkwe. Nawe msomaji wa bara, ukialikwa kuvua na ukweni, wape udhuru wowote mpaka kusi ilegee, kuanzia Oktoba hivi. Kabla ya hapo, nenda kwa yule jirani. Anapokea pesa taslimu, na hufungua mapema.