Uzi wa Pauni Nne

Mpwa wangu aliondoka hapa Konoin kwa mbio, kama wanavyoondoka vijana wengi wa Bomet, akaenda kusoma Massachusetts. Mwezi huu amerudi likizo. Nilitarajia medali. Amekuja na fimbo ya kuvulia samaki, nyembamba kama ufito wa kuchungia ndama.

Saa kumi na moja alfajiri dirisha likagongwa. "Mjomba, amka, trauti wanakula sasa hivi." Hata mimi hula, lakini si saa hiyo.

Tukashuka mto Kiptiget kupitia majani chai. Umande wa chai ni mbaya kuliko mvua: mvua hukupiga kichwani ukaitambua, umande hukuingia magotini kimyakimya kama deni. Njiani akanisomea sifa za uzi wake, wa pauni nne. Nikamwambia Mogogosiek wanauza kamba inayovuta fahali. Akanicheka kwa huruma. Maji ya huku maangavu, uzi mnene trauti atauona. Isitoshe, samaki apewe nafasi ya kupigana. Breki ya rili hulegezwa kidogo ili akivuta kwa nguvu uzi utoke badala ya kukatika, nayo fimbo ipinde, imchoshe polepole. Yaani tumeamka gizani ili samaki atendewe haki! Nimefundisha shule miaka thelathini na hakuna aliyewahi kunilegezea breki.

Kule kwao, anasema, kwenye ghuba za bahari wanavua samaki mwenye mistari ubavuni kwa vifaa vyepesi hivihivi. Sheria ya Massachusetts inakuruhusu mmoja kwa siku, naye awe na urefu wa kati ya inchi 28 na 31. Mdogo anarudishwa. Mkubwa naye anarudishwa! Nikauliza kama wavuvi hao wana njaa au wana rula tu.

Wa kulaumiwa namjua. Ewart Grogan, Mwingereza yule aliyesafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Kairo, hakutosheka na kuchosha miguu yake. Mwaka 1905 akaleta trauti kutoka Scotland, akawatia mto Gura kule Aberdare, na tangu hapo mito yetu ya baridi haina amani. Mkipsigis na samaki wapi na wapi? Sisi watu wa mursik.

Trauti hukaa kichwa kikielekea mkondo, akingoja chakula kiletwe, kama shemeji zangu wawili. Kwa hiyo unamnyatia kwa nyuma, ukipanda mto. Ndoano ilifungwa manyoya ikafanana na nzi. "Mjomba, mkono usogee kutoka saa nne mpaka saa nane." Nikadhani ananipa ratiba, nikauliza chakula cha mchana kitaletwa na nani. Kumbe ni saa za ukutani, za kurushia uzi. Nikarusha. Nzi wangu akanasa mchai nyuma yangu, pale pale kwenye majani mawili na chipukizi, nikamaliza robo saa nikimnasua kwa meno.

Saa mbili kasoro fimbo ikapinda. Rili ikalia, nikapiga kelele ambayo mke wangu hajawahi kuisikia. Alipovutwa karibu, alikuwa na urefu wa kiganja na nusu: mgongo wa madoa meusi, ubavuni utepe wa waridi. Mpwa wangu akalowesha mikono kwanza, ili asimtoe ute, akamng'oa ndoano, akamshika majini akiwa ameelekea mkondo mpaka akapata pumzi. Kisha akafungua vidole. Kiamsha kinywa changu kikapiga mkia mara moja, kikaenda zake.

Tulipopanda, wachumaji walikuwa wameshaanza kazi, vikapu mgongoni. Mama mmoja akaviangalia viatu vyangu vikitema maji.

"Mwalimu, samaki yuko wapi?"

"Tumemrudisha."

Akaacha kuchuma.

"Kwani alikuwa wa nani?"