Sifa za Ukuta wa Jirani

Wapo waliojaliwa kuusifu mlima Kilimanjaro, na wapo wenye koo za kuimba bahari. Mimi nimejaliwa ukuta. Uko kama mita tatu kutoka dirisha la jiko letu hapa Tucson, Arizona: matofali ya saruji yasiyopigwa lipu wala rangi, kijivu kama uji uliolala. Ni wa jirani, una ufa, na nimezunguka sana sijaona wa kuushinda.

Mtembea bure si sawa na mkaa bure, tulifundishwa hivyo tukiwa watoto Tanga, nasi tukaamini kupita kiasi. Tuliuza makochi, kabati na kitanda, tukahamia kwenye gari-nyumba, tukaizunguka Marekani miaka saba. Tumesimama ukingoni mwa Grand Canyon, korongo ambalo mahali pengine lina kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu. Tumekaa kwenye mabenchi ya Yellowstone, hifadhi ya tangu 1872, tukiisubiri Old Faithful irushe maji yake ya moto. Huyarusha kila baada ya dakika 90 hivi, na umati huwa umeshainua simu kitambo.

Uzuri wa namna hiyo una ubwana. Ukifika, sharti ushangae, na usiposhangaa unajiona una upungufu. "Mama, njoo uone!" mume wangu ataita, nami nitatoka na mwiko mkononi. Ilipofika mwaka wa tano nilikuwa nasema "mashallah" nikiwa bado naangalia mchuzi.

Ukuta haudai mashallah. Naosha vikombe mbele yake nimenuna na hauulizi kulikoni. Hautozi kiingilio. Kule Zion tulilipa dola 15 juu ya kiingilio ili askari wa hifadhi wayazuie magari yanayokuja, gari letu lipite katikati ya handaki lililofunguliwa 1930, zama ambazo hakuna aliyewaza madude kama letu. Nilikaa nimejikunja kama nazaa. Kuta za handaki lile zilikuwa zinatujia. Huu wangu umekaa pale pale ulipo.

Methali zetu, kwa kweli, zimeuonea ukuta. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe: sasa nani alimtuma? Usipoziba ufa utajenga ukuta: kana kwamba ukuta ni faini! Mimi naomba ufa wa jirani usizibwe. Jua la asubuhi likiupiga ubavuni, unashuka kama Ziwa Tanganyika kwenye ramani ya shule, mwembamba, umepinda kidogo kiunoni, na sisimizi wanavuka kutoka upande wa Kigoma kwenda upande wa Kalemie bila boti. Usiku, taa ikiwaka, mjusi kafiri anatoka humo kuvizia nondo. Naye mhamiaji huyo, asili yake pande za Mediterania. Hatujawahi kuulizana makaratasi.

Na ukuta wa jirani, msisahau, huja pamoja na jirani. Sisi tulikuwa na majirani wa siku 14, maana ardhi nyingi za serikali huko jangwani hukuruhusu kukaa hizo tu, halafu uhame. Unamzoea mtu, unajua chai yake anakunywa na sukari ngapi, kesho asubuhi kuna alama za matairi mchangani. Leseni yangu ya udereva ilikuwa ya South Dakota, ambako nililala usiku mmoja, nikaonyesha risiti ya kambi, nikawa mkazi. Jirani wa sasa namsikia akikohoa nyuma ya ukuta saa kumi na moja alfajiri. Ni kikohozi kibaya. Nimekizoea kiasi kwamba kikichelewa nasimama dirishani.

Mume wangu bado humtaja Wally Byam kama wengine wanavyomtaja sharifu wao: mwanzilishi wa karavani za Airstream, aliyeongoza msafara wa karavani hizo kutoka Cape Town hadi Cairo, ulioanza 1959. Namheshimu marehemu. Ila ningependa kujua jioni alikuwa anautegemeza wapi mgongo wake.

Kitu kimoja tulichobaki nacho kutoka kwenye gari ni pimamaji. Wasiosafiri hivyo hawajui utumwa huu: kila mnapofika, hata mvua ikinyesha, mmoja anashika pimamaji na mwingine anasukuma vibao chini ya magurudumu, mpaka kile kiputo kikae katikati. La sivyo mayai yanakimbilia pembeni ya kikaango, na friji la gesi, ambalo halitaki kuinama, linagoma kupoza. Miaka saba ndoa yetu ilipimwa kwa kile kiputo.

Juzi nikatoka nayo, nikanyoosha mikono, nikaiweka juu ya ukuta. Kiputo kikakimbia kulia hadi mwisho, kikagota. Upande wa ufa umezama. Mume wangu akauliza kama alete kibao. Nikamwambia aingie ndani, chai inapoa.