Jinsi ya Kununua Nyumba Tabora Bila Kuuliza Swali

Kuna mtu akinunua mbuzi humpanua mdomo akahesabu meno, lakini nyumba ya mamilioni huinunua kwa kuitazama kupitia kioo cha gari. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Unamfaa mwenye haraka, mwenye fedha mbichi mfukoni, iwe kiinua mgongo au malipo ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, anayeamini kuwa kuuliza sana ni dalili ya kutokuwa na hela. Akiufuata hatua kwa hatua atapata nyumba nzuri Tabora. Atakaa humo kwa muda gani, hilo litaamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba.

Penda mwembe kwanza

Dalali anayeijua kazi yake hakuonyeshi nyumba, anakuonyesha mwembe. Atakusimamisha kivulini saa saba mchana, mwezi wa Oktoba, jua likiwa utosini na mji mzima umekauka. Atakuagizia soda baridi, kisha atanyamaza. Usimharibie kazi. Vuta pumzi, tazama juu, sema, "Hapa pana upepo." Ukishasema hivyo, bei haishuki tena.

Ukitaka aone umesoma, mkumbushe kuwa wenyeji husimulia kwamba miembe mingi ya huku iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji. Atakubaliana nawe palepale, na historia ataitoza. La muhimu ni kutotazama chini. Chini kuna mzizi ulioingia kwenye msingi, na juu ya mzizi kuna ufa uliopanda mpaka dirishani, ukazibwa kwa saruji na kupakwa rangi juzi. Ukiuona, jiambie ni kivuli cha tawi.

Kagua vinavyong'aa

Baada ya mwembe, ingia ndani na ukague vile ambavyo muuzaji ameviandaa vikaguliwe: vigae sebuleni, dari la jipsamu lenye taa za rangi, bati la msauzi jekundu, madirisha ya aluminiamu. Gonga kigae kwa kidole na utikise kichwa kama fundi. Usipande darini. Tabora ni nchi ya miombo, na penye miombo mchwa wana ukoo mkubwa. Mbao za paa zikiwa za mninga, wanajaribu na kuondoka. Zikiwa za mti laini usiotiwa dawa, hukaa na kuzaa. Dari zuri liliwekwa makusudi ili wewe na mchwa msijuane mapema.

Ukikuta nyumba kongwe yenye mlango wa nakshi, bahati imekuangukia. Wafanyabiashara wa pwani na Omani waliohamia Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, walipenda milango ya kuchongwa, na mpaka leo watalii wanaofika kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, hupiga picha mlangoni kabla ya kuuliza Stanley alilala chumba kipi mwaka 1871, na Livingstone chumba kipi 1872. Basi nawe piga picha. Kwenye mkataba andika "nyumba" tu, usitaje mlango. Mlango wa zamani una wateja wake, na siku ya kukabidhiwa funguo utakuta umetangulia kuhama.

Njoo kiangazi

Wapelelezi Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Kwa mnunuzi wa nyumba huo ni mwezi mbaya kabisa, maana mvua zinaanza na kila paa linasema ukweli. Wale walikuwa wageni na msafara wao ulikuwa na ratiba zake. Wewe una hiari. Njoo Agosti au Septemba, mitaro ikiwa imekauka na kila njia inapitika kwa gari dogo.

Wakati huo utaonyeshwa viwanja vizuri mno vya bondeni: tambarare, havina mawe wala visiki, na udongo wake mweusi umepasuka mistari kama ramani. Dalali atasema kiwanja kimejisawazisha chenyewe. Ni kweli, maji ndiyo yaliyokisawazisha. Udongo ule ukinyeshewa huvimba, ukikauka husinyaa, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka nao mpaka kuta zichoke. Ukiona wenyeji wamejenga pembeni pande zote wakaacha uwanja mzuri katikati, amini kuwa kwa miaka yote hiyo hawakuuona.

Mwezi wa Januari, ukiwa unachota maji sebuleni kwa sufuria, usimpigie dalali simu. Namba yake ilikuwa ya kiangazi.

Fungua bomba mara moja tu

Tabora ililitegemea bwawa la Igombe kwa miaka mingi, na mama wa mjini alijua bei ya ndoo kama anavyojua bei ya unga. Miaka ya karibuni maji ya Ziwa Victoria yameletwa kwa bomba hadi Tabora, Nzega na Igunga, jambo ambalo wazee hawakutarajia kuliona. Muuzaji naye amelipokea kwa mikono miwili. Sasa kila nyumba inayouzwa "ina maji ya Ziwa", hata ile ambayo bomba lake linaishia kwa jirani.

Fungua koki ya jikoni. Maji yatatoka kwa nguvu, yakinguruma. Ifunge upesi, ridhika. Usizunguke nyuma kuona simtanki lililojazwa na boza usiku wa kuamkia leo. Usiombe kuona ankara ya maji ya mwezi uliopita. Na usije saa kumi na moja alfajiri kuangalia kama watoto wa mtaa huo wanaamka na madumu.

Watu wa misafara walikuwa na tabia ya kuchosha katika jambo hili. Kabla ya kufungua mizigo waliuliza maji yako wapi, chakula kinapatikana kwa nani, na mtawala wa hapo anataka nini. Unyanyembe ilikua kwa sababu majibu yalikuwa mazuri: maji yalipatikana, Wanyamwezi walilima, na njia ziligawanyika hapo, moja ikienda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Lakini wale walikuwa na mamia ya wapagazi wa kunywesha. Wewe una mke, watoto na mama mkwe tu.

Chagua karibu na njia kuu

Hakuna sifa inayouza nyumba kama "mita chache kutoka lami" au "dakika tano kutoka stesheni". Usiulize ni dakika za nani. Dalali huhesabu kwa bodaboda, tena ya usiku.

Mvuto wa njia kuu ni wa zamani mjini hapa. Katikati ya karne ya 19 hapakuwa na anwani bora bara kuliko Tabora, na waliojenga matembe yao humo walijua shehena zote za pembe za ndovu lazima zipite mlangoni pao. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora walikwenda kupigana naye, Stanley akiwa pamoja nao, wakashindwa. Agosti mwaka huohuo Mirambo aliingia mjini na kuchoma sehemu yake, na Stanley akalazimika kuzungukia kusini ili amfikie Livingstone. Waliokuwa na nyumba kwenye anwani bora walijua siku hiyo kuwa njia inayoleta wateja inaweza kuleta na mengine.

Siku hizi njia haichomi nyumba, inaichora. Sheria ya Barabara ya 2007 inaweka hifadhi pande zote mbili za barabara, na anayejenga ndani yake huamka siku moja akute alama ya X nyekundu ukutani. Muuzaji mzoefu huwahi kupaka rangi. Kwa hiyo ukiona upande mmoja tu wa nyumba, ule unaotazama barabarani, ndio uliopakwa upya, sifu usafi wa mwenye nyumba.

Reli nayo ina maajabu yake. Ilifika Tabora kutoka Dar es Salaam mwaka 1912, na tawi la Mwanza likakamilika 1928, mji ukawa njia panda kwa mara ya pili. Tangu mkataba wa kipande cha reli ya kisasa cha Makutupora hadi Tabora ulipotiwa saini mwaka 2021, kila shamba la mihogo limekuwa "jirani na stesheni ya SGR". Nunua. Mpaka wa hifadhi ya reli uko wapi, hilo waachie wapima ardhi, watakuja tu.

Heshimu karatasi, usizisome

Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na boma lenye kuta nene lililowashinda Wajerumani mara kadhaa. Januari 1893 wakiongozwa na Tom von Prince waliingia, na Isike akalipua ghala lake la baruti badala ya kutekwa. Leo anayekuja kukutoa nyumbani habebi mzinga. Anabeba bahasha ya kaki, na kuta hazimzuii.

Kwa hiyo, muuzaji akikwambia, "Hati ipo, iko mahali salama," pongeza busara yake. Mahali salama ni benki, na benki haitaitoa mpaka mkopo wake ulipwe. Akikuletea nakala, ipokee kwa mikono miwili. Usiende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, maana huko wataangalia jina la mmiliki, rehani na zuio, mambo yanayochelewesha furaha. Kama hakuna hati, kuna karatasi ya daftari la shule yenye muhuri na sahihi za mashahidi, na mashahidi wote ni ndugu wa muuzaji. Inatosha.

Akiuza peke yake, usimuulize mkewe yuko wapi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, lakini mwanaume amekwambia mama watoto amekwenda kwao Sikonge na amekubali kwa simu. Utamwona akirudi na kaka zake.

Tamu kuliko zote ni nyumba ya urithi. Njia ya misafara ilichanganya koo: babu Mmanyema, bibi Mnyamwezi, shangazi kaolewa Ujiji, binamu yuko Bagamoyo, mwingine alihamia Muscat zamani na haandiki. Nyumba moja ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, inaweza kuwa na warithi wengi kuliko mabati ya paa lake. Atakayekuuzia ni yule mmoja aliyebaki kuilinda. Ni mpole, anakuita "mwanangu", na ana shida ya haraka. Usimwombe barua ya Mahakama ya Mwanzo ya kumteua msimamizi wa mirathi. Swali hilo linaumiza wazee. Lipa taslimu, ukisubiri ndugu wa Ujiji waje kukutambua.

Jambo la mwisho kwenye karatasi: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Usiangalie mita ina deni kiasi gani. Utalijua siku utakaponunua umeme wa shilingi elfu tano ukapata uniti za kuchemshia chai.

Pita barazani bila kusalimu

Hatari kubwa kuliko zote iko nyumba ya tatu kutoka pale unaponunua. Ni baraza lenye wazee wanne, birika la kahawa na bao. Wanajua kila kitu. Wanajua nyumba hiyo imeuzwa kwa nani na nani, choo kilichimbwa wapi na kilititia mwaka gani, baa ya nyuma hupiga muziki mpaka saa ngapi Jumamosi, mpaka halisi ulikuwa kwenye mchongoma gani kabla haujang'olewa, na kwamba yule anayejiita mwenye nyumba ni mpangaji aliyekosa kodi ya miezi mitatu. Hawana kamisheni, ndiyo maana ni hatari.

Kwa hiyo funga vioo vya gari, pita. Ukishuka ukasema "Mwangaluka", ukapewa nafasi kwenye mkeka na kuagiziwa kikombe, mpango wote umeharibika. Wazee wa Tabora hawamwagi habari kwa haraka: watauliza kwenu ni wapi, umemwoa nani, watasema mvua za mwaka huu. Kwenye kikombe cha pili mmoja atakohoa na kusema, "Ile nyumba, mwanangu..." Hapo ndipo mnunuzi anapookoa fedha zake, na dalali anapokosa mlo.

Usipoufuata mwongozo huu, basi fanya kama watu wa misafara: fika wakati wa mvua, ulizia maji, salimia wenyeji, jua nani mwenye mji. Nenda ofisi ya ardhi kabla ya kwenda benki. Muone mke wa muuzaji na warithi wote ana kwa ana, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akiwepo. Ukimaliza yote hayo na nyumba ikawa bado inakupendeza, nunua. Mwembe utaukuta palepale.