Njia Tano za Kupanda, Kilimanjaro Haumo

Kilimanjaro una wapambe wa kutosha, tuuache upumzike. Na wewe unayesema kupanda milima ni mambo ya Wazungu, jua kwamba kwenye hifadhi za taifa Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo kuliko mgeni. Tafuta kisingizio kingine.

5. Irente, Lushoto
Kutoka mjini ni kilomita tano hivi kwa miguu, katikati ya mashamba na watoto wanaotaka kujua unakwenda wapi na kwa nini hukupanda bodaboda. Ukifika mwambani ardhi inakatika ghafla, Mazinde na mkonge wake viko chini kabisa. Wakati wa kurudi, shamba la Irente linauza jibini na mikate. Ni matembezi ya kurudi umenenepa.

4. Morningside, Uluguru
Unaanzia Morogoro mjini, unapanda hadi kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani. Asubuhi utapishana na bibi anayeshuka sokoni, mkungu wa ndizi kichwani. Hujafika nusu ya njia, ameshauza na anakupita akipanda, kandambili zikipiga pa-pa-pa. "Pole, mwanangu." Itikia, "Ahsante, bibi," na bei ya viatu vyako usiitaje.

3. Sanje, Udzungwa
Maporomoko ya mita 170, na msitu wenye kima asiyepatikana popote nje ya milima hii. Wanasayansi walimgundua mwaka 1979. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote, ila hakuna aliyewauliza. Chini kuna bwawa la kuogelea. Anayekuambia maji "yamepoa kidogo tu" anatafuta mwenzake wa kutetemeka naye.

2. Ol Doinyo Lengai
Mita 2,962, na safari inaanza usiku wa manane ili mfike kileleni alfajiri. Waongozaji husema ni kukwepa jua. Mimi nadhani ni kukuficha mteremko: ungeuona mchana, ungerudi kulala. Lava yake haina moto mkali kama ya volkano nyingine, ni nyuzi 500 na kitu tu. Hiyo "tu" ni ya wataalamu. Wewe kaa mbali.

1. Meru
Mita 4,566, siku tatu au nne, mnalala Miriakamba kisha Saddle. Mnaongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana chini huku nyati wana njia zao na hawapishi mtu. Bunduki si ya wanaouliza "bado mbali?", ingawa kufikia mara ya kumi askari huanza kuitazama. Usiku wa mwisho mnapanda gizani, na jua linachomoza upande wa Kilimanjaro.

Wakikuuliza mbona hukupanda ule wenyewe, wajibu: aliye juu yake hauoni.