Niliduble, Bana

Bana, usinicheke. Nimetoka shimoni, matope hadi masikioni. Mama ya watoto kanituma makayabu. Mfukoni franka elfu kumi, ndizo hizo tu. Na njia ya sokoni inapita nyuma ya butiki. Nani aliichora njia ile?

Pale kijana mmoja aliyerudi toka Kampala anagawa karata za ishirini-na-moja juu ya bidoni. Eti kule aliona kazino. Mi kazino nasikia tu. Hapa Bambu tuna mashimo. Tangu wale Waaustralia wawili waokote dhahabu mto Agola mwaka 1903, watu wanafukia pesa udongoni. Maji yakijaa shimo, Pedeje, mwenye shimo, anakopa dizeli ya pampu. Yakijaa tena, anakopa tena.

Naweka elfu tano. Napata sita na tano. Karata ya wazi ya kijana ni sita.

"Papa, duble!"

Kuduble ni nini? Ananieleza polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Unaongeza pesa ileile, unapewa karata moja tu, unafunga mdomo. Kumi na moja ndipo mahali pake, maana karata 16 kati ya 52 zinahesabika kumi. Naye mwenye sita yuko hatarini: sharti avute hadi afike 17, apasuke asipasuke. Eti wanajeshi wanne wa Marekani walikaa wakapiga hesabu hizo, wakazichapisha 1956. Mi hesabu yangu ni ya vijiti vya kiberiti, vile vya kupimia dhahabu.

Nikaweka elfu tano ya pili. Kimya. Karata ikaja.

Mbili.

Mbili! Kumi na tatu! Nikanyoosha mkono niongezwe, nikapigwa vidole. "Moja tu, papa." Kijana akafunua yake: kumi. Jumla kumi na sita. Nikaanza kucheka, meno yote nje, hata lile bovu. Akavuta.

Tano.

Kinachoniuma, wote walinisifu. "Papa, umecheza sawasawa kabisa!" Wangeniita mjinga, bana. Hiyo nimeizoea.

Kufika nyumbani, habari zilishapanda moto zikanitangulia. Mama ya watoto hakuuliza makayabu. Akaweka bugali, akachota sombe kijiko kimoja. Nikasogeza sahani tena.

"Moja tu, papa."