Farasi wa Salaita

Mwenye gari akikwambia injini yake ina farasi mia tatu, gawa kwa mbili, kisha toa wale wanaoishi ndani ya ekzosi. Kanuni hii nimeipata Salaita, kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, siku kikundi chetu cha wapenda magari kilipoamua kumaliza ubishi kwa kuleta daino.

Kwa asiyeijua, daino hupima nguvu za gari bila gari kwenda popote. Magurudumu yanayosukuma huwekwa juu ya roli nzito ya chuma, gari likafungwa mikanda lisiruke, dereva akakanyaga mafuta hadi mwisho. Mashine inajua uzito wa roli yake. Ikiona imezungushwa upesi kiasi gani, inapiga hesabu na kutoa farasi. Haijali rangi wala stika.

Uratibu nilitwishwa mimi, kwa kuwa sina gari la kujivunia. Kwenye kundi la WhatsApp, tarehe ilipotajwa, kila mtu aliandika "nipo". Nilipotaja mchango wa M-Pesa, kundi likaingiwa na haya. Mmoja alituma dua. Mwingine alisema atatuma jioni, asiseme jioni ya lini.

Siku ilipofika, lori lililobeba mashine kutoka Nairobi halikuonekana. Dereva akapiga simu kutoka Maktau: ndovu wako barabarani. Kijana mmoja mgeni akauliza kwa nini asiwapigie honi. Wenyeji wakamtazama kwa huruma. Huku kwetu ndovu hapigiwi honi. Unazima injini, unatulia, na kama umekodi jenereta kwa saa, unahesabu hasara yako kimya kimya.

Hatimaye lori likafika. Tukashusha mashine kwenye vumbi jekundu, tukawasha feni kubwa mbele yake iwe badala ya upepo wa safari. Feni haikuleta upepo. Ilihamisha lile vumbi kutoka chini na kulipaka usoni mwa kila mwanachama.

Wa kwanza kupanda alikuwa mwenye Subaru ya buluu. Ekzosi yake, paka angeingia na kugeuka humo ndani. Kwa miaka tumekuwa tukiambiwa kwamba gari hilo lina farasi mia tatu "na ushee". Alikanyaga. Kishindo kilitawanya mbuzi hadi ng'ambo ya barabara, bati za kibanda cha chai zikalia, wengine tukaziba masikio. Kioo cha mashine kikaandika: 171.

Mwenye gari alikisogelea, akakifuta vumbi kwa kidole, labda kuna tarakimu imejificha. Haikuwapo. Basi visingizio vikaanza: mafuta mabaya, kisha joto, kisha mwinuko wa mahali. Fundi wa daino, mtu mpole, akamweleza kwamba mashine hurekebisha hesabu kulingana na joto, na kwamba Salaita iko chini sana kuliko Nairobi, kwa hiyo hewa ya hapa ni nzito zaidi na injini inapumua vizuri. Yaani hata hewa ilikuwa upande wake.

Ajuza mwenye mbuzi, baada ya kuwakusanya, alikuja kunishika mkono. "Mwanangu, nasikia mnahesabu farasi. Wako wapi?" Nikamwonyesha boneti. Akazunguka gari lote, akainama, akachungulia chini. "Farasi mia na sabini, na hakuna hata kinyesi?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Kipimo hiki kilienezwa na James Watt, aliyekuwa akiuza injini za mvuke kwa watu waliozoea farasi, hivyo akahitaji kuwaonyesha injini moja inafanya kazi ya farasi wangapi. Tangu mwanzo, basi, farasi hawa ni wa mfanyabiashara. Wajapani nao, kwa miaka mingi hadi 2004, walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280, hata pale injini ilipokuwa na zaidi. Wao waliwapunguza kwenye karatasi. Magari yakishashuka bandari ya Mombasa, sisi huwazalisha.

Mzee mmoja mwenye Peugeot 504 alikataa kabisa kupima. "Hii imenisomeshea watoto sita," akasema. "Nipime nini tena?"

Kisha akatokea mwenye Probox, anayepeleka ndizi za Taveta sokoni Voi. Hakuwa mwanachama, alisimama kuuliza kama kuna ajali. Tukampandisha kwa mzaha, mikungu ikiwa bado nyuma. Ikatoka 88. Vijana wakacheka, fundi hakucheka. Injini ile hutoka kiwandani na farasi 109, akasema, na lazima wengine wapotelee kwenye gia kabla ya kufika kwenye tairi. Kwa maoni yake hilo ndilo gari zima kuliko yote aliyoyapima siku hiyo.

Salaita ina mazoea ya kuwasahihisha wanaokuja na hesabu zao tayari. Tarehe 12 Februari 1916, brigedi ya Waafrika Kusini ilikishambulia kilima cha Salaita ikiwa imeambiwa kwamba jeshi la Wajerumani hapa ni dogo. Ilirudishwa nyuma, zaidi ya watu wake 130 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Waliowaokoa wasimalizwe ni kikosi cha Wabulushi kutoka India, ambao wengi wa Waafrika Kusini hao walikuwa wakiwadharau.

Jioni Subaru ilikataa kuwaka. Muziki ulikuwa umepigwa tangu asubuhi tukingoja ndovu waondoke, na betri ikaisha. Mwenye Probox akatoa waya zake, akaishtua, akakataa malipo, akaenda zake na ndizi.

Ukitaka kuandaa siku kama hii, pokea pesa kabla ya kutaja tarehe, na watengee ndovu wa Maktau saa zao. Na kama shida yako ni sifa tu, usipande daino. Osha gari, lipige picha.